Jezi Tumepata, Sasa Tuwafundishe Walimu Kulinda Magoti

Mvua zikishakatika na mtama ukianza kukauka mashambani, viwanja vya Dodoma hurudi mikononi mwa vijana. Kuanzia Mei hadi Novemba, iwe Bahi, Chamwino, Mpwapwa au Kondoa, kata nyingi huwa na kombe lake, na kila kombe huwa na mfadhili wake, ambaye huenda akawa diwani, mfanyabiashara wa mazao, au mzaliwa wa kata hiyo aliyefanikiwa mjini. Misaada inayotolewa karibu wakati wote ni ya aina moja: jezi, mipira, kikombe na mbuzi wa mshindi. Naipokea misaada hiyo kwa shukrani ya kweli, kwa kuwa timu isiyo na mpira haina mazoezi. Hata hivyo, kazi yangu ni tiba ya viungo, na wachezaji wanaokuja kwetu kila msimu wakiwa na magoti yaliyovimba na vifundo vilivyoteguka wamenifanya niamini kwamba upo msaada mmoja muhimu kuliko jezi ambao ni wachache mno wanaoutoa, nao ni kumfundisha mwalimu wa timu namna ya kuzuia majeraha kabla hayajatokea na namna ya kuyashughulikia katika dakika za mwanzo yanapotokea.

Nimesema mwalimu wa timu, wala sikusema daktari, kwa sababu timu ya kata haina daktari. Mhudumu wa zahanati ya kijiji ana kina mama wajawazito na watoto wa kuwahudumia, na hospitali yenye picha ya eksirei na mtaalamu wa mifupa huwa mbali na uwanja, safari ya bodaboda yenye vumbi na gharama. Mtu pekee anayekuwapo kila siku ya mazoezi ni yule mwalimu, ambaye mara nyingi hufundisha hisabati asubuhi na mpira jioni, au ni dereva wa bodaboda anayeupenda mchezo na kujitolea bila malipo. Chochote tutakachotaka kifanyike ili kijana asiumie kitafanywa na mtu huyu, la sivyo hakitafanyika kabisa.

Habari njema ni kwamba anachopaswa kukijua si kingi, na kimekwisha kupimwa. Mpango wa kupasha misuli unaoitwa FIFA 11+ ulitengenezwa mwaka 2006 kwa ajili ya wachezaji wa kawaida, si kwa klabu tajiri. Una mazoezi 15 yanayochukua dakika 20 hivi: dakika 8 za kukimbia taratibu pamoja na kunyoosha viungo, dakika 10 za kujenga nguvu, usawa wa mwili na uwezo wa kuruka, kisha dakika 2 za kukimbia kwa kasi. Ulipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, katika utafiti uliohusisha wachezaji 1,892 na kuchapishwa mwaka 2008, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Huenda mtu akasema kwamba Norway ni Norway na Chemba ni Chemba. Ndiyo maana mimi hupenda zaidi kuutaja utafiti wa Lagos, Nigeria, uliochapishwa mwaka 2014, ambao ulihusisha timu 20 za vijana wa kiume wa miaka 14 hadi 19, wachezaji 416 kwa jumla, na kuonyesha kwamba timu zilizoufuata mpango huo ziliumia pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mazoezi yake ya zamani. Hao ni vijana wa Kiafrika wanaocheza katika mazingira ambayo mwalimu wetu anaweza kuyatambua.

Kwa wasiopata kuona jambo lenyewe, nieleze zoezi moja tu kati ya hayo, lile ninalolipenda kuliko yote. Wachezaji hugawanyika wawili wawili. Mmoja hupiga magoti juu ya mkeka au khanga iliyokunjwa, kwa kuwa ardhi yetu ni ngumu, na mwenzake huchuchumaa nyuma yake na kumshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Aliyepiga magoti hunyoosha mwili wote kuanzia magotini hadi kichwani, kisha hujiachia kwenda mbele polepole, akijizuia asianguke kwa kutumia msuli wa nyuma ya paja peke yake, mpaka msuli unaposhindwa naye akajipokea kwa mikono. Mara ya kwanza wengi huanguka mara moja, na kesho yake hutembea kwa shida kutokana na maumivu ya misuli. Kwa hiyo anayeanza hufanya mara 3 hadi 5 tu, kisha huongeza kadiri wiki zinavyopita. Mazoezi yenye zoezi hili yameonekana katika tafiti nyingi kupunguza kuchanika kwa msuli wa nyuma ya paja kwa karibu nusu, na hilo ndilo jeraha linalomfanya winga ashike paja ghafla na kusimama akiwa katikati ya mbio. Halihitaji mashine, halihitaji nyasi, halihitaji umeme. Linahitaji mwenzako na mwalimu anayejua kukusahihisha unapokunja nyonga ili kupunguza uzito.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa walimu ni ya muda. Mazoezi huanza saa kumi na moja jioni vijana wakishatoka shambani au shuleni, na giza huingia mapema, hivyo dakika 20 ni sehemu kubwa ya jioni yenyewe. Malalamiko haya ni ya haki na hayapaswi kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba mpango huu hauongezwi juu ya upashaji wa kawaida, bali unachukua nafasi yake. Zile mbio za kuzunguka uwanja huku timu ikiimba, zikifuatiwa na kukaa chini na kuvuta vidole vya miguu, ndizo zinazoondoka. Mpango unaoleta faida ni ule unaofanywa angalau mara mbili kwa wiki msimu mzima, na siku ya mechi hufanywa sehemu ya kwanza na ya tatu tu ili wachezaji wasichoke. Koni zisipokuwepo, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha.

Kuhusu viwanja vyenyewe nitasema kwa ufupi. Ardhi ya kanda ya kati wakati wa kiangazi hukakamaa kama saruji, mvua za nyuma huacha mashimo na mifereji, na mbigili huota pembezoni na kusambaa hadi ndani. Kuukagua uwanja kabla ya kila mechi, kufukia shimo kwa mchanga, kufagia mbigili na kuondoa mawe karibu na magoli ni kazi ya nusu saa kwa wachezaji wa timu zote mbili, na sioni kwa nini isiandikwe katika kanuni za kila kombe. Anayeanguka na kuchubuka aoshwe kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, si kwa majivu wala dawa ya meno, na mwalimu ajue kuuliza kama mchezaji amekwisha kuchanjwa chanjo ya pepopunda.

Jambo linalonigusa kuliko mengine ni wasichana wa netiboli. Kanuni za mchezo huo haziruhusu mchezaji aliyeshika mpira kuendelea kukimbia nao, kwa hiyo msichana aliyeudaka akiwa hewani au katika kasi hulazimika kusimama papo hapo, na uzito wote hushuka kwenye kifundo na goti. Wanawake wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wanaume wa kuchanika kano iliyo katikati ya goti katika michezo ya aina hii, na jeraha hilo mara nyingi hutokea bila kugongwa na mtu yeyote. Ukisimama mbele ya uwanja wa shule ya sekondari na kutazama magoti badala ya mpira, utaona kitu ambacho mwalimu anaweza kukirekebisha ndani ya wiki chache: wengi hutua kwa mguu mmoja ulionyooka, na goti huingia ndani kuelekea goti la pili. Anayefundishwa kutua kwa miguu miwili inapowezekana, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea kwenye vidole vya miguu, na kutua kwa ulaini kiasi kwamba miguu haisikiki, anakuwa amepewa kinga ya thamani kubwa. Na bado timu za wasichana ndizo zinazopata misaada ya mwisho, hucheza wengine pekupeku na wengine na raba zilizoisha soli, na katika wiki za maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hufanya mazoezi asubuhi na jioni baada ya kutofanya chochote tangu mwaka ulipoanza. Hakuna mwili, wa msichana wala wa mvulana, unaostahimili kuongezewa kazi ghafla namna hiyo.

Hilo la kuongeza kazi ghafla linanipeleka kwa wakimbiaji. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, akaiwezesha Tanzania kupata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo, furaha yetu hapa kanda ya kati ilikuwa ya pekee, kwa sababu tuliiona barabara yetu ndani ya ushindi wake. Kijana anayetaka kumfuata ana njia ya vumbi mbele yake, ana mwinuko ambao sehemu nyingi ni wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ana moyo. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumwambia kwamba mifupa hujijenga taratibu kuliko mapafu. Pumzi huzoea ndani ya wiki chache na kumshawishi aongeze kilometa, ilhali mfupa wa ugoko bado haujajiimarisha. Matokeo yake ni maumivu ya mbele ya mguu ambayo mwanzoni huja wakati wa kukimbia tu, kisha huja wakati wa kutembea, na hatimaye huja usiku amelala. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, unapobonyeza kwa kidole na mtu akaruka, ni dalili ya ufa mdogo wa mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na dawa yake ni kuacha kukimbia kwa wiki kadhaa. Mwalimu anayejua dalili hiyo moja humwokoa mkimbiaji na mfupa uliovunjika kabisa. Kwa wasichana wanaokimbia, kukatika kwa hedhi ni onyo kwamba chakula hakitoshi kwa kazi wanayoifanya, na inafaa awepo mwalimu wa kike ambaye msichana anaweza kumweleza jambo hilo bila aibu.

Sasa nifike kwenye dakika za mwanzo baada ya mtu kuumia, kwa sababu hapo ndipo nia njema ya jamii huleta madhara. Katika nusu fainali moja wilayani Bahi, beki wa kulia aliruka kupiga kichwa na kutua juu ya mguu wa mwenzake, kifundo kikageukia ndani. Kabla hajafika nje ya mstari, mama mmoja alikuwa amekwisha agiza maji ya moto na chumvi, na mzee mmoja anayeheshimika kwa kunyoosha viungo alikuwa amekunja mikono ya shati tayari kumkanda na kuuvuta mguu. Wote wawili walifanya hivyo kwa huruma. Nilimwamkia mzee, nikamwomba anisaidie kumshikilia kijana mguu uwe juu wakati tukiangalia kwanza kama mfupa umevunjika, naye alikubali bila kinyongo. Siku mbili za mwanzo, joto na kuchua kwa nguvu huongeza damu inayovuja ndani ya kifundo na kuongeza uvimbe, na kuuvuta mguu ambao huenda umevunjika ni hatari zaidi. Kinachofaa ni baridi, bendeji ya kubana kiasi na mguu kuinuliwa. Barafu kutoka duka lenye friji, ikifungwa ndani ya kitambaa ili isiunguze ngozi, huwekwa dakika 15 hadi 20 kwa kila mara. Kijiji kisicho na umeme hakikosi mtungi, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini na kubadilishwa mara kwa mara hupunguza maumivu.

Swali la kwanza la kila mwalimu ni jinsi ya kujua kama mchezaji anahitaji kupelekwa hospitali au hapana, na kwa familia isiyo na bima swali hilo lina maana ya fedha nyingi. Madaktari wa Ottawa nchini Kanada walitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni nyepesi inayotumika hadi leo duniani kote. Kwa kifundo cha mguu, kama kuna maumivu katika eneo la kifundo na mchezaji hawezi kupiga hatua nne, mbili kwa kila mguu, papo hapo na tena anapofika kwa mhudumu wa afya, au kama anapata maumivu unapobonyeza ncha au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya zile nundu mbili za mfupa pembeni mwa kifundo, basi apigwe picha. Kama hana hata mojawapo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Mwalimu aliyefundishwa kanuni hii kwa vitendo, akabonyeza vifundo vya wenzake darasani, huipata ndani ya saa moja. Kwa upande wa kichwa, kanuni ni fupi zaidi: aliyegongwa akapepesuka, akasahau matokeo ya mechi, akatapika au akalalamika kuona ukungu, anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, hata kama anasisitiza kwamba yuko sawa, na dalili zikizidi anapelekwa hospitali.

Limebaki suala la kurudi uwanjani, na hapa nataka kusema jambo kwa heshima kubwa. Kila mtoto wa Tanzania anayependa michezo anaijua habari ya mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akaendelea hadi mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni haki yetu kujivunia. Lakini nimewasikia walimu wakiitumia habari hiyo kumrudisha kiwanjani binti wa miaka 15 mwenye goti lililovimba, eti ajifunze uvumilivu, na hapo nakataa kwa nguvu zote. Akhwari alikuwa mtu mzima katika siku ambayo ilikuwa kilele cha maisha yake ya michezo. Nusu fainali ya kombe la kata si siku hiyo. Jeraha la zamani lisilopona vizuri ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya jeraha jipya, na nimewatibu vijana waliochomwa sindano ya maumivu ili wacheze fainali, wakacheza, kisha hawakucheza tena msimu mzima uliofuata. Kipimo chepesi cha mwalimu ni hiki: mchezaji aruke kwa mguu ulioumia idadi ya mara ileile anayoweza kwa ule mzima, akimbie kwa kasi, akate kona kulia na kushoto, na asisikie maumivu wala kuchechemea. Akishindwa kimojawapo, hachezi, na mwalimu anapaswa kuungwa mkono na uongozi wa timu anapolisema hilo mbele ya mashabiki.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa siku mbili, palepale katani, darasa likiwa chumba cha shule na uwanja wake. Wataalamu wa tiba ya viungo tupo, ingawa hatutoshi: wengine wamesomea KCMC mjini Moshi, wengine Muhimbili, na baadhi yetu tunafanya kazi katika hospitali za hapa Dodoma. Yanayokwamisha ni mambo ya kawaida sana, yaani nauli ya walimu kutoka vijijini, chakula cha mchana, nakala za picha za mazoezi kwa Kiswahili, bendeji chache na sanduku la huduma ya kwanza kwa kila timu. Zaidi ya hayo, panahitajika fedha ya kurudi. Mafunzo ya mara moja hupoa. Mkufunzi anapaswa kuitembelea kila timu tena baada ya wiki kadhaa, atazame magoti ya wachezaji wanapotua, asahihishe, na ajibu maswali ambayo mwalimu hakuyafikiria siku ya kwanza. Ziara hiyo ya pili ndiyo wafadhili huikata bajeti ikipungua, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko ile ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetoka Mkalama, Kongwa, Manyoni au kwingineko katika kanda hii, na ambaye umekwisha kuombwa kudhamini kombe la mwakani, mbuzi wa mshindi abaki palepale. Mtafute afisa michezo wa halmashauri yako na kitengo cha tiba ya viungo cha hospitali ya rufaa ya mkoa mwezi Machi, kabla makombe hayajaanza, mpange siku mbili za mafunzo mwezi Aprili palizi ikiwa imekwisha. Andikeni katika kanuni za kombe kwamba timu isiyoleta mwalimu wake kwenye mafunzo haisajiliwi, na kwamba mechi haianzi bila sanduku la huduma ya kwanza na namba ya simu ya dereva aliyekwisha kulipwa kusubiri. Timu za wasichana ziingizwe kwenye orodha tangu siku ya kwanza, kwa idadi ileile na raba zilezile.